Mwenye Kibanja Hakupinga

Jumatatu, 3 Novemba. Bukoba

Mvua imeanza alfajiri na mpaka naandika haya haijakoma. Nimepewa kazi mpya ofisini, na kwa kuwa bosi wetu Evarist hapendi maswali mawili kwa siku moja, nitajieleza mwenyewe humu daftarini.

Mradi wetu wa migomba una wakala. Si wakala wa kutoa fedha mwenye kibanda na simu mbili. Huyu ni programu ya akili mnemba. Mkulima anamwandikia ujumbe kwa simu, wakala anausoma, anajibu, na akiona inafaa anatenda. Anatenda kwa zana. Moja inatuma ushauri, nyingine inampeleka mkaguzi, nyingine inaagiza kikosi cha mapanga kiingie kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, kikakate migomba yenye unyanjano, ule ugonjwa unaoivisha ndizi kabla ya wakati na kuuozesha mgomba kutoka ndani. Zana ziko kumi na nne. Wakala hajui ndani ya zana kuna nini. Anachosoma ni maelezo mafupi tu: hii inafanya nini, itumike lini, ijazwe nini. Akielezwa vibaya, atatumia vibaya, tena kwa moyo safi kabisa.

Kazi yangu ni kuyasoma maelezo hayo, kumjaribu wakala kwa ujumbe wa mfano, na kutoa alama, moja hadi tano. Miaka tisa nimesahihisha insha za kidato cha pili kabla sijaacha ualimu. Kalamu nyekundu bado ninayo. Haya, walete.

Jumanne, 4 Novemba

Zana tatu leo. Ya kwanza maelezo yake yote ni haya: "Hushughulikia taarifa za shamba." Hushughulikia! Hata mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote asingethubutu. Mbili chini ya tano.

Alhamisi, 6 Novemba

Evarist amepita mezani kwangu. "Edvina, hapa si baraza la mitihani. Mbona unafelisha kila mtu?"

"Nafelisha maelezo, bosi, si watu."

"Tarehe kumi na saba wakala anaanza kazi. Nataka zote zimepita."

Shadya, anayezitengeneza zana zenyewe, alicheka pembeni. Ni dada wa Ujiji, mwaka wa pili huku Bukoba, na Kihaya chake kinaishia kwenye salamu. Ndiye aliyenifundisha hii kazi. Kanuni yake ni moja: soma kama mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye basi, asiyemjua yeyote. Nilimwambia hilo ni rahisi. Nilikuwa na kiburi, nalikiri.

Jumatatu, 10 Novemba

Umeme hakuna. Mvua ipo. Sijasahihisha kitu.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo ndiyo leo! Senene wameanguka.

Nilikuwa kwenye zana ya kumi na moja, ile ya kuagiza ukataji. Maelezo yake: "Hutuma kikosi kukata migomba kwenye kibanja chenye unyanjano uliothibitishwa. Jaza jina la mwenye kibanja na kijiji. Mwenye kibanja hutaarifiwa kabla ya kikosi kufika." Safi, fupi, inaeleweka. Nikampa wakala mifano yangu ishirini, yote akaijaza sawasawa.

Shadya akainama begani kwangu. "Mwenye kibanja ni nani?"

"Mwenye kibanja ni mwenye kibanja, Shadya! Nani asiyejua hilo?"

"Mimi."

Nikacheka. Hapo hapo kelele zikazuka nje, watu wanakimbilia uwanjani na mifuko, na mlinzi wetu ameacha geti wazi. Nikaandika tano, nikavua viatu, nikatoka. Nimepata nusu ndoo. Nimewachambua mwenyewe, mbawa na miguu, na nyumba nzima inanukia. Shadya amekula wawili kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

Jumatatu, 17 Novemba

Wakala ameanza kazi rasmi. Evarist amevaa koti.

Jumatano, 19 Novemba

Ujumbe mia mbili na kumi na mbili kwa siku tatu. Evarist anatembea kama bwana harusi. Radi imepiga nguzo ya umeme ya Hamugembe, nimeoga maji ya baridi.

Alhamisi, 20 Novemba. Muleba

Naandikia kwenye baraza la nyumba ya wageni. 

Saa tatu asubuhi nilikuwa nasoma mazungumzo ya wakala na wakulima, kama kila siku, chai mkononi. Nikafika kwa Mwalimu Lilian wa Kagoma. Jumatatu alituandikia kwamba migomba "kwa Mushumbusi" ina unyanjano, na afisa kilimo ameiona na kuthibitisha. Leo asubuhi ameandika tena: "Jamani, mbona kikosi kimekwenda kwa Ma Benigna? Tulisema kwa Mushumbusi!" Wakala kamjibu kwa adabu zote: "Asante, Mwalimu. Kikosi kiko kwenye kibanja cha Mushumbusi kama ulivyoeleza."

 Nilielewa yote palepale, maana mimi ni Mhaya na hili nimelijua tangu nanyonya. Kwetu kibanja huitwa kwa jina la mzee aliyekianzisha, hata kama amezikwa humo miaka thelathini. Kwa Mushumbusi ni kibanja cha marehemu Mushumbusi, ambacho sasa analima mwanawe Karugendo, na kwenye daftari letu la wakulima kimeandikwa Karugendo. Wakala angelijulia wapi hilo? Aliambiwa ajaze jina la mwenye kibanja. Akamtafuta Mushumbusi kwenye orodha ya Kagoma, akampata mmoja tu: mjukuu, kijana aliyepewa jina la babu yake. Na kibanja kilichoandikwa kwa jina la huyo kijana ni kile anacholima mama yake, Benigna, mjane, ng'ambo ya barabara. Alikiandikisha kwa jina la mtoto wa kiume kama wajane wetu wengi wanavyofanya, ukoo usije ukasema mjane amewanyang'anya ardhi.

Mifano yangu ishirini yote niliitunga mimi mezani. Niliwatungia wakulima wanaoandika kama wanajaza fomu.

Nilimpigia Ildefons, mkuu wa kikosi. Hapatikani. Nikampigia Evarist, yuko safarini Mwanza.

"Una uhakika?" akauliza.

"Nina uhakika."

"Edvina, usiende kuzua taharuki kule. Ngoja nirudi kesho."

"Kesho kutakuwa na nini cha kuokoa?" Nikakata simu. Sijawahi kumkatia simu bosi maishani mwangu.

Nikapata mchomoko wa Muleba, gari dogo lililojaza watu saba, na kila kituo dereva anashuka kutafuta wa nane. Nilimpigia kelele mpaka abiria wakamwombea msamaha. Kutoka Kagoma barabarani nilipanda bodaboda kwenye matope, mvua ikinichapa usoni. Nilisikia mapanga kabla sijaona watu. Mgomba ukianguka hausikiki kama mti. Unatoa mlio mzito wa maji, halafu majani yanaburuzana.

"Simameni! Simameni jamani!"

Walisimama wanne, Ildefons wa tano. Akanitolea simu yake, kwenye mfuko wa nailoni isilowe. "Mama, mimi nimetumwa. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Mwenye: Mushumbusi. Hali: imethibitishwa. Na chini yake: "Mwenye kibanja ametaarifiwa. Hakupinga."

"Uliona ugonjwa, Ildefons? Ulikata ukaona usaha?"

Akatazama panga lake. "Wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili safi. Nikajiambia, labda mashine imeona kitu ambacho mimi sioni."

"Na ukaendelea?"

"Imeandikwa imethibitishwa, mama. Mimi ni nani?"

Na mimi ndiye niliyeipitisha hiyo mashine.

Ma Benigna alikuwa katikati ya kibanja, kwenye kaburi la mumewe. Migomba miwili ilikuwa imeanguka juu ya saruji, naye alikuwa anavuta majani, moja moja, bila haraka. Mwanamke wa miaka kama sitini, mwembamba, kanga imelowa mpaka imeshikana na mwili.

"Shikamoo, Ma Benigna. Mimi ni Edvina, natoka ofisini Bukoba."

Hakuitikia. Kwa mama wa umri ule, kuiacha shikamoo ya mtu ining'inie hewani ni sawa na kumzaba kibao.

"Wanasema nimekubali," alisema baadaye, akiendelea kuvuta majani. "Nimemkubalia nani? Tangu Jumatatu niko humu humu napalilia. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Leo wanakuja na mapanga, nawaambia hii ni mizima, wananionyesha simu. Simu inajua migomba yangu kuliko mimi?"

"Ujumbe ulikwenda kwa mwanao."

"Mushumbusi yuko kisiwani Goziba, anavua. Akiingia ziwani siku nne, simu anaiacha kambini imezimwa. Kila mtu hapa anajua."

Kila mtu anajua. Na mimi wiki iliyopita nilimcheka Shadya kwa maneno hayo hayo.

Nimeuliza mfumo unafanyaje mtu asipojibu. Shadya kanipa jibu kwa simu, sauti chini: zikipita saa arobaini na nane, kimya kinahesabiwa ridhaa. Ndivyo Evarist alivyotaka, kazi isikwame. Kwenye maelezo hakukuwa na neno hata moja juu ya hilo. Na mimi sikuuliza "asipojibu je?" Swali ambalo ningemnyima mwanafunzi alama kwa kulikosa.

Ilikuwa migomba mia moja themanini. Iliyobaki imesimama ni thelathini na mmoja. Nilihesabu mara mbili.

Na bado hilo si baya kuliko yote. Kikosi kikishakata, kibanja kinapata alama nyekundu kwenye daftari la wilaya: miezi sita hakuna kupanda, hakuna mkungu kutolewa nje, hakuna jirani kukuletea chipukizi. Ma Benigna anaishi kwa hicho kibanja, hana kingine. Alama isipoondoka, msimu huu wa mvua utapita ardhi yake ikiwa tupu, na mwakani hatakuwa na cha kupika.

Alipomaliza kusafisha kaburi akanikabili mara ya kwanza. "Ni nani aliyekiambia hicho kitu kije kwangu?"

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tutafuatilia, mama." Tutafuatilia! Aibu naisikia hadi sasa.

Ijumaa, 21 Novemba

Nimerudi Bukoba. Sijaongea na mtu.

Jumamosi, 22 Novemba

Evarist ametuita ofisini, mimi na Shadya. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Amekonda uso kwa siku mbili.

"Tarehe mosi Desemba taarifa inakwenda wilayani," alisema. "Nimeshaandika sehemu hiyo. Taarifa za umiliki zilizotolewa na mkulima hazikuwa sahihi."

"Bosi, ukiandika kosa ni la mkulima, alama nyekundu haitoki."

"Ataomba upya msimu ujao."

"Atakuwa anakula nini akisubiri huo msimu?"

"Na hawa watu kumi na wawili wa ofisi hii watakula nini mradi ukifungwa?" Akapangusa miwani. "Alijiandikisha kwa jina la mwanawe, Edvina. Si uongo huo?"

Kweli alijiandikisha hivyo. Ndiyo maana neno lake linauma. Nikamwomba basi aizime ile zana ya kukata mpaka tujue. Akakataa. Ukizima moja, wafadhili watauliza zilizobaki zinafanya nini. Kitufe cha kuzima anacho yeye peke yake.

Tulipotoka nilimwambia Shadya yule bwana hana roho. Shadya akafungua mwavuli wake taratibu. "Nyani haoni kundule, dada. Tano aliandika nani?"

Nilikasirika nikamwacha kwenye mvua. Nimefika nyumbani, nimekasirika bado, ila sijui tena ni kwa nani.

Jumatatu, 24 Novemba

Majani ya kibanja cha Ma Benigna yalipelekwa kituo cha utafiti cha Maruku kupimwa. Jibu limekuja: hakuna ugonjwa. Evarist amesoma, amekunja karatasi, ameitia kwenye droo.

Nimemwomba Shadya msamaha. Akasema haya, basi tufanye kazi. Tumechukua ujumbe arobaini ulioandikwa na wakulima wenyewe, si wa kutunga, tukampa wakala kwa maelezo yale yale niliyoyapa tano. Mmoja anaandika "huku kwa marehemu babu." Mwingine "kwa Ta Rugaibula, pale chini kisimani," na huyo mzee Rugaibula nimeambiwa alizikwa mwaka tisini na sita. Mwingine anaripoti ugonjwa wa kibanja cha jirani kwa jina la baba wa jirani, maana kumtaja jirani mwenyewe ni kama kumchongea.

Katika jaribio hilo, tisa kati ya arobaini wangepelekewa kikosi kusikohusika. Tisa! Wakala hakusita hata mara moja, na maelezo yetu hayakumpa sababu ya kusita.

Halafu Shadya akanigeuzia kompyuta. Kuna maagizo matatu kwenye foleni. Saa zake arobaini na nane zinaisha keshokutwa saa nne asubuhi. Yote matatu yana jina la mtu na kijiji tu.

Jumanne, 25 Novemba

Namba za wenye vibanja hao watatu nimezipiga tangu asubuhi. Moja haipo. Ya pili inaita haipokelewi. Ya tatu imepokelewa na mtoto, akasema baba yuko Dar, akakata. Evarist hapokei simu yangu. Mvua inanyesha bila kupumua.

Jumatano, 26 Novemba

Leo nimefanya jambo, na naliandika lilivyo.

Saa mbili na nusu asubuhi nilimuuliza Shadya, "Tukitaka kuisimamisha ile zana?"

"Lazima idhini ya Evarist. Mimi siwezi, wewe huwezi."

"Na maelezo yake?"

Akanitazama. Maelezo ni kazi yangu. Ninayo ruhusa ya kurekebisha lugha, tangu siku ya kwanza. "Wakala anayasoma upya kila mara kabla ya kutenda," alisema polepole. "Hata kwa agizo lililo kwenye foleni."

"Yaani nikiyabadilisha sasa hivi..."

"Mimi naenda kunywa chai, Edvina. Sijakusikia." Akatoka, lakini kikombe alikiacha mezani.

Nikafuta yote. Nikaandika hivi, na nanakili hapa neno kwa neno:

"Huagiza kikosi kukata migomba. Migomba ikishakatwa hairudi, kwa hiyo zana hii ni ya mwisho kabisa. Itumike tu baada ya mkaguzi wetu kusimama ndani ya kibanja, kuona ugonjwa kwa macho, na anayelima kuongea naye kwa mdomo na kukubali. Jina linalotajwa na mkulima mara nyingi ni la mzee aliyefariki. Usilijaze. Uliza kwanza: anayelima sasa ni nani? Yupo? Kibanja kiko wapi hasa? Ujumbe usiojibiwa si ridhaa. Ukiwa na shaka hata ndogo usitumie zana hii. Tumia ile ya kumpeleka mkaguzi."

Nikahifadhi saa tatu na dakika arobaini. Halafu nikakaa. Dakika ishirini nilizokaa pale sitazisahau. Umeme ukiyumba tu nafa. Niliwaza: na kama sikuandika vizuri? Nimejiamini mara moja, mtu akapoteza kibanja. Shadya alirudi, akasimama nyuma yangu.

Saa nne kamili agizo la kwanza likafika zamu yake. Halafu maneno yakaanza kutokea kwenye kioo, wakala anamwandikia aliyeripoti: "Kabla kikosi hakijaja, naomba kufahamu. Anayelima kibanja hiki kwa sasa ni nani, na yupo nyumbani?"

Jibu likaja baada ya dakika sita: "Analima mama mkwe. Mzee alifariki 2009. Nyie si mnamjua?"

Agizo limeondolewa. Mkaguzi ataenda. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Nililala juu ya meza nikalia kama mtoto, na Shadya akanipiga piga mgongoni akisema, "Nne. Hii nakupa nne. Tano sahau."

Alhamisi, 27 Novemba

Evarist ameingia mlango ukigonga ukuta.

"Umebadilisha zana bila idhini yangu!"

"Sijagusa zana. Nimegusa maelezo."

"Kwa wakala ni kitu kile kile!"

"Ndiyo!" Nilisimama, na nilikuwa napiga kelele, ofisi nzima imegeuka. "Ndiyo, Evarist! Kwa wakala ni kitu kile kile! Ndicho ninachokuambia tangu Jumamosi! Hakudanganywa na Benigna, tulimwelekeza sisi. Tukamwambia jaza jina, hatukumwambia la nani. Tukamwambia mtu anataarifiwa, hatukumwambia asipojibu je. Yeye kafanya tulichoandika."

Akakaa kwenye kiti cha Shadya. Nikamwekea mbele karatasi ya ujumbe arobaini, wale tisa nimewazungushia wino mwekundu, na chini yake yale matatu ya jana. Alisoma muda mrefu. Alipofika kwenye kijiji kimoja aliweka kidole hapo, akakiacha. Baadaye ndiyo nikakumbuka kwamba ni kijiji cha mama yake.

"Nikiandika kosa ni letu," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka, "wilaya watataka jina. Nani alikagua, nani alipitisha."

"Mimi."

"Unajua maana yake."

"Najua."

Nilidhani nitaogopa. Niliogopa kweli, tena sana, ila nilikuwa nimeshasema.

Jumatatu, 1 Desemba

Taarifa imekwenda, na barua yangu nyuma yake. Nimeiandika mara nne. Mara tatu za kwanza zilikuwa na maneno kama "kutokana na mazingira." Ya mwisho ni fupi: Maelezo ya zana ya ukataji niliyakagua mimi. Niliyapa alama tano kwa haraka. Yalikuwa wazi kwangu kwa sababu mimi ni wa hapa, na sikujiuliza kama yako wazi kwa asiye wa hapa. Mkulima hakutoa taarifa ya uongo. Kibanja chake ni kizima na kipimo kimeambatanishwa.

Evarist ametia saini chini yangu, na kwenye maneno "saa arobaini na nane" ameandika kwa mkono wake: uamuzi huu ulikuwa wangu. Sikulitegemea hilo. Kosa limebeba jina langu, na siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe kumi na mbili.

Alhamisi, 4 Desemba

Alama nyekundu imeondolewa. Shadya kanionyesha kwenye simu, nikamwambia aufungue upya ukurasa, nione tena.

Jumamosi, 6 Desemba. Kagoma

Kazi yangu ya mwisho ni kurekebisha daftari la kijiji hiki. Nimeanza kwa Ma Benigna, maana nisingeanza kwake ningezunguka kijiji kizima nikijifanya nina shughuli.

Mvua imepumzika leo. Nimemkuta anachimba mashimo na mwanawe Mushumbusi, kijana mrefu, ngozi imekauka kwa jua la ziwani. Alirudi kutoka Goziba mara tu alipowasha simu na kuukuta ule ujumbe wetu, siku nne baadaye. Kando ya mashimo kuna rundo la machipukizi ya majirani, na Mwalimu Lilian ameleta yake sita kichwani.

Sikungoja kuulizwa. "Ma Benigna, siku ile uliniuliza nani alikiambia hicho kitu kije kwako. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeyakagua maneno yake nikasema yanafaa. Hayakufaa. Nisamehe, waitu, mama yangu."

Mushumbusi akalaza jembe. Mama yake akashindilia udongo kwenye shina kwa mguu, akahamia shimo la pili.

"Na hiyo fomu ya simuni ni ya nini?"

"Ya kurekebisha daftari. Wasikosee tena."

"Andika jina langu mimi," Mushumbusi akadakia. "Nitabadilisha namba tu, nitaweka ya hapa nyumbani."

"Namba iliyonyamaza ilikuwa ya nani?" mama yake akauliza.

Kijana akainamisha kichwa. "Mama, ukoo utasema..."

"Waje waseme. Waje wasimame hapa niliposimama na mapanga yale, halafu waseme." Hakupaza sauti. Alikuwa na chipukizi mkononi, mizizi inadondosha udongo. "Baba yenu nani alimuuguza? Mimi. Nani kapalilia humu miaka kumi na tano? Walipokuja kukata, nani alikuwepo? Andika Benigna."

Nilimtazama Mushumbusi. Haikuwa kazi yangu kumtazama, lakini nilimtazama. Akaokota jembe. "Andika, dada," akasema. "Ni kweli, mimi sikuwepo."

Nikaandika. Ma Benigna akasogea karibu, akapangusa mikono kwenye kanga. Hana miwani, na herufi za simu ni ndogo.

"Nisomee."

"Anayelima: Benigna. Yupo."

"Rudia."

Nikarudia.